Tulivyobadilishana daftari na nyundo, ubia wetu ukapona

Mimi na mbia wangu tulipokosana juu ya pesa za biashara, niliambiwa nimwite mjomba wake aje atusuluhishe. Nilijuta. Mjomba alielemea upande wa mpwawe tangu anavuta kiti, mwenzangu naye akaona nimemshtaki kwao. Siku 4 tulisemezana kupitia kijana wa kazi tu. Msuluhishi mwenye damu ya upande mmoja usimkaribishe kabisa.

Karakana yetu ni ya samani. Mimi niliweka sehemu kubwa ya mtaji na kushika daftari, yeye alishika kazi na wateja. Akadai mshahara kwa sababu yeye ndiye anayeshinda kazini, mimi nikadai faida ifuate mtaji. Hatukuwa tumeandikiana hata mstari mmoja. Nilipoonyeshwa sheria ya ubia ya Uingereza ya 1890 nilinyamaza: wabia wasipokubaliana vingine, faida hugawanywa sawa, na hakuna anayestahili mshahara kwa kazi ya ubia. Kwa sheria kama hiyo, mimi na yeye sote tungeshindwa.

Lakini kilichonikera hasa ni safu ya "mengineyo". Kila wiki pesa inatoka, risiti hakuna. Moyoni nilishamwita mwizi. Ndipo nikamwambia, "Ndugu yangu, wiki 2 wewe shika daftari, mimi niingie karakanani."

Siku ya 3 msasa ukaisha, kabati halijalainishwa upande mmoja, na mwenye kabati amesimama mlangoni. Nikachomoa pesa, kijana akakimbia, akarudi na msasa tu mkononi, risiti hakuna. Jioni mwenzangu akaweka kalamu kwenye "mengineyo" ya siku hiyo, akauliza taratibu, "Hii ya nini?" Nilimwomba radhi palepale, na nilimaanisha. Naye alikuwa ameshaona madeni aliyokopesha kwa mdomo yanavyotukausha. Usiku ule alinionyesha majina mwenyewe.

Tukaandikiana ukurasa mmoja: posho ya kila mwezi kwa kila mmoja kabla ya faida, faida inayobaki 60 kwa 40, fungu la matumizi madogo la wiki, na mtu baki wa kukadiria thamani ya biashara siku mmoja akitaka kutoka. Hicho cha kutoka kiandikeni mkiwa bado mnacheka pamoja. Sisi kilituchukua jioni 3.

Daftari sasa tunalifunga wote kila Jumamosi. "Mengineyo" haimo tena. Imeandikwa msasa, gundi, mkokoteni.