Alpha mara tatu

Nikiwa darasa la sita, mjomba aliniletea roketi ndogo ya kuchezea, Estes Alpha, kutoka Marekani: sentimita 31, mapezi matatu, parashuti ya plastiki. Ilitua juu ya mabati ya jirani pale Umoja, Nairobi, na haikurudi.

Sasa nimeiunda upya, mara tatu ya ile. Mwili ni bomba la kadibodi la kuzungushia vitambaa, nililopewa bure Eastleigh. Mapezi nimekata plaiwudi ya milimita 3, na hapo ndipo nilipojiponza. Ya utotoni ilikuwa na mapezi mepesi mno. Haya yangu, pamoja na gundi niliyomwaga kwa tamaa ya kutaka yashike, yaliivuta yote nyuma kwa uzito.

Nikafunga kamba pale inapojisawazisha, nikaizungusha uani nione kama pua itatangulia, maana ndivyo inavyopaswa kuruka. Ikatanguliza mkia. Mama alikuwa anaanika nguo.

"Baba, hiyo yako inarudi kinyumenyume."

Nikajaza nati na epoksi kwenye pua, nikajaribu tena. Mara ya tatu pua ikatangulia, ikakaa hivyo.

Injini sina bado: ni ya baruti, na baruti hairuhusiwi hapa bila kibali. Roketi imesimama kando ya friji, na mama ameshaitundikia kofia yake ya kanisani.