Kichwa cha mgebuka

Jana mwanangu wa pili, yule wa maswali, alinikuta nimeikodolea macho simu bila kubonyeza kitu. "Mama, kwani wewe unaandikaga nini?" Nilitaka kumjibu kitabu. Lakini kile ninachoandika kuhusu reli kimelala kwenye sura ya tatu tangu kabla ya masika, na huyu si mtoto wa kudanganywa. Nikasema naandika barua. Kwa nani? Hapo nikamkumbuka Bibi wa nyumba ya nyuma, kule Ujiji.

Ilikuwa mwishoni mwa 1996. Nilikuwa kidato cha pili, na kwa mtaa wetu hicho kilitosha kunifanya karani wa kila mtu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Zaire ilikuwa inaungua kwa vita. Watu walivuka kwa maboti, wengine na watoto mgongoni na sufuria moja tu mkononi, na Kigoma nzima haikuwa na mazungumzo mengine. Bibi alikuwa na mwana Dar es Salaam. Akaniita barazani nimwandikie.

Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga na vijiti, hata haniangalii. Ndani mawese yalikuwa yanachemka na harufu yake ilikuwa imeshatufikia. Nikaanza kama tulivyofundishwa: salamu nyingi sana, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nasi, madhumuni ya barua hii ni… Nikamsomea kwa sauti ya kujisikia.

"Madhumuni ya nini tena? Kwani namdai?"

"Bibi, barua lazima iwe na madhumuni."

"Lazima ya nani? Futa. Andika mwezi umekwisha, giza limeingia, wavuvi wamerudi ziwani na karabai zao. Dagaa wameshuka bei."

Nikaandika.

"Andika ule mwembe wa upande wa msikitini umeanza kudondosha. Watoto wanaamka kabla ya adhana, na si kwa ajili ya kuswali."

Nikaandika. Akanyamaza kidogo, akapepeta, akapuliza ungo.

"Andika jana nilipata mgebuka, nikamkaanga, halafu nikamtia mawese na nyanya. Kichwa nimekula mimi." Akaanza kucheka peke yake. "Alipokuwa mdogo kichwa nilikuwa namwachia yeye, nasema mimi sikipendi. Mwambie nilikuwa namdanganya. Nakipenda mno! Jana nimekifyonza mpaka mifupa, nikalamba na vidole." Ungo ukawa unatikisika, dagaa wanadondoka mkekani, yeye anafuta machozi kwa ncha ya khanga na kuniuliza nimeshaandika, nimeandika na vidole?

Nilikuwa nimeandika na vidole. Lakini nilikuwa na elimu yangu, nikaona si haki barua iende Dar bila habari yenye uzito. Nikamuuliza, tusimtajie wakimbizi? Vita je?

"Hayo atayasikia Redio Tanzania. Ya kichwa cha mgebuka nani atamwambia?"

Ujiji ni mji wa habari kubwa, ndiyo shida yake. Wageni wakija huulizia mwembe ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone 1871. Wanaonyeshwa mnara na miembe iliyopo pale, wanapiga picha, wanaondoka. Sijapata kumsikia mmoja akiuliza kama maembe yake ni matamu.

Barua ikaenda posta, ikapanda treni. Ujira wangu ulikuwa fungu la dagaa. Jibu lilichukua muda wake, lilipofika lilikuwa na noti iliyokunjwa ndani ya karatasi, na mimi ndiye niliyemsomea. Mwana alishukuru, akaulizia maembe, kisha akaandika kwamba na yeye kichwa cha mgebuka hakukipenda hata siku moja. Alikuwa anakila kwa sababu mama kamwachia.

Bibi akataka nirudie. Nikarudia. Akaichukua karatasi, akaitazama juu chini kana kwamba anasoma, akasema, "Mwongo huyo," akaikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga pamoja na ile noti.

Mpaka leo sijui nani alikuwa anamdanganya nani.

Nilimsimulia mwanangu yote hayo. Akasema kumbe ndiyo unaandikaga samaki, akaenda zake kucheza. Mimi nikarudi kwenye simu, nikajaribu kuiandika sura ya tatu kama Bibi alivyokuwa akisema: kahawa ya stesheni alfajiri, karanga za kwenye treni, na yule mama wa Tabora aliyeuza asali kwenye chupa za konyagi. Nusu ukurasa ulikwenda vizuri kweli. Halafu nikaanza kujiuliza madhumuni yake ni nini, na kwa bahati mbaya mhariri naye alipiga simu jioni kuuliza hilohilo.