K 434 za Tony Gwynn

Nilipofika San Diego nilipata kazi ya kumhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, zamu ya jioni. Padres, timu ya besiboli ya mji huo, wakianza kucheza, alichukua penseli na daftari lake la miraba, akaandika kila mpigaji alichofanya. Macho yalipoanza kumsumbua, penseli ikahamia kwangu. Ndivyo nilivyojifunza besiboli: mraba kwa mraba.

Herufi K ni ya mpigaji aliyetimiza straiki tatu, yaani kuukosa mpira au kuuacha mpira mzuri upite, akarudi kukaa. Mchana mmoja nilifungua madaftari yake ya zamani, nikakuta safu moja ambayo K unaitafuta kurasa kwa kurasa. Safu ya Tony Gwynn.

Gwynn alicheza misimu 20, kuanzia 1982 hadi 2001, yote Padres. Alipata hiti 3,141, yaani mipira aliyoipiga akafika salama kwenye beisi, kituo cha kukimbilia. Hizo ni katika zamu 9,288, wastani wa .338. Kwa asiyeujua mchezo huu: ukifanikiwa mara tatu katika kila zamu kumi, mwaka baada ya mwaka, wewe ni bingwa. Yeye alikaribia mara tatu na nusu. Na K? 434 kwa maisha yake yote uwanjani. Wapo waliopata zaidi ya 200 ndani ya msimu mmoja.

Cal Ripken aliingizwa naye katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 2007. Ripken ana hiti 3,184, zaidi kidogo ya Gwynn, na mipira 431 aliyoivusha ukuta dhidi ya 135. Lakini wastani wake ni .276, na K ni 1,305. Hao ni wapigaji wa aina mbili, na sipendi watu wanaowapima kwa mizani moja.

Wa kupimwa na Gwynn kweli ni Wade Boggs. Wote walianza ligi kuu mwaka 1982, wote wakipiga kwa mkono wa kushoto. Boggs ana hiti 3,010 na wastani wa .328, ubingwa wa upigaji, yaani wastani wa juu kuliko wote katika ligi yake msimu huo, mara 5. Gwynn mara 8. Hata hiti ya 3,000 waliifikia bega kwa bega: Gwynn tarehe 6 Agosti 1999 kule Montreal, siku ya kuzaliwa ya mama yake, na Boggs kesho yake.

Haki isemwe. Boggs alikuwa na subira kuliko Gwynn. Aliacha mipira mibaya ipite akapewa beisi bure mara 1,412, Gwynn mara 790. Ukihesabu kila njia ya kufika beisi, Boggs yuko .415 na Gwynn .388. Mzee alikuwa akinionyesha hesabu hiyo mwenyewe, ingawa ilimuuma. Mimi bado namchagua Gwynn. Mpira ambao Boggs angeuacha, yeye aliusukumia kwenye upenyo kati ya walinzi wawili wa upande wa kushoto, tena na tena, huku kila mtu uwanjani akijua utakwenda huko.

Greg Maddux, mmoja wa warushaji wakali kabisa wa zama zile, alikutana naye mara 107. Hakumpata kwa K hata mara moja. Gwynn alimpiga kwa wastani wa .415.

Halafu kuna mwaka 1994. Tangu Ted Williams mwaka 1941, hakuna aliyemaliza msimu wa American League wala National League, ligi mbili zinazounda ligi kuu ya leo, na wastani wa .400. Gwynn alikuwa na hiti 165 katika zamu 419, yaani .394, wachezaji walipogoma tarehe 12 Agosti na msimu ukafutwa. Hiti tatu tu zaidi katika zamu hizohizo zingemvusha.

Daftari la mwaka huo ninalo. Mzee alikuwa mtu wa kutumia karatasi mpaka nyuma, orodha za dukani, namba za simu. Lakini baada ya Agosti 1994 kuna kurasa 45 za miraba mitupu, moja kwa kila mechi iliyobaki, na juu ya kila moja ameandika kwa penseli jina la Gwynn katika safu yake.