Kaburi la Mpolandi Tengeru, na nilivyofundisha mada ya madikteta

Mada ya madikteta na Vita Kuu ya Pili huangukia kidato cha nne, wakati wanafunzi wameshachoka na mtihani wa taifa unawakodolea macho. Vitabu vimeipanga kwa orodha: sababu za kuinuka Ufashisti, sababu za kuinuka Unazi, sababu za vita, matokeo ya vita. Mwanafunzi anazimeza kwa Kiingereza, anazitapika kwa Kiingereza. Ukimwuliza kwa Kiswahili huo mkataba wa Versailles wa 1919, ulioiadhibu Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulimfanya nini fundi viatu wa Berlin, anakutazama tu.

Mwaka nilioamua kubadili mpangilio nilikuwa nafundisha upande wa Meru, si mbali na Tengeru. Tengeru kila mtu anaijua kwa soko la Jumamosi na Ziwa Duluti. Wachache wanajua kwamba ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia pale kumsindikiza mgeni, na nilipotoka swali lilikuwa limeninasa: mama wa Kipolandi alifikaje kuzikwa chini ya Mlima Meru? Nikaona hilo ndilo swali la kuanzia mada yote. Nisingeanza 1919 na kushuka; ningeanza kaburini na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka tufike kwa waliofungua mlango.

Mkuu wa shule hakuwa na fungu la safari, na mwalimu wa taaluma aliniuliza kama mada imekwisha ndiyo maana nina muda wa kutembea. Nikamwambia ndiyo kwanza naianza. Tulikwenda kwa miguu, mkondo mmoja tu, baada ya vipindi. Wanafunzi walisoma majina kwa shida na kucheka konsonanti zilizorundikana, halafu wakanyamaza walipoona umri wa baadhi ya waliozikwa. Niliwapa kazi moja: kila mmoja aje kesho na maswali, majibu sitaki.

Kesho yake niliandika maswali yao ubaoni, nikaanza na hili la kwanza: walikuja lini, na kwa nini huku? Kuanzia 1942 Waingereza walileta Afrika Mashariki maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto. Kambi ya Tengeru ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala na Kondoa, na kule Uganda Masindi na Koja. Walipitia Iran. Iran walifika kutoka Siberia na Kazakhstan. Huko walipelekwa na nani? Na Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, mwaka 1940 na 1941, kwa mabehewa ya mizigo.

Hapo darasa likasimama. Mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hufumba macho somo la Historia, akauliza, "Mwalimu, si tuliambiwa Poland ilivamiwa na Hitler?"

Swali hilo lilinirahisishia kazi. Ujerumani iliingia Poland tarehe 1 Septemba 1939 kutoka magharibi. Tarehe 17 Septemba jeshi la Kisovieti likaingia kutoka mashariki. Tarehe 23 Agosti, siku chache kabla ya hayo yote, Molotov na Ribbentrop, mawaziri wa mambo ya nje wa Kisovieti na Ujerumani, walikuwa wametia saini mkataba wa kutoshambuliana, na ndani yake mlikuwa na itifaki ya siri iliyoigawa Poland. Wakimbizi wetu wa Tengeru walitoka kwenye lile fungu la Stalin. Hitler alipomgeukia Stalin mwenyewe, tarehe 22 Juni 1941, Stalin akawahitaji Wapolandi kama washirika, akawafungulia. Ndipo safari ya kwenda Iran ikawezekana.

Nikachora mshale ubaoni kutoka Tengeru kwenda 1939, na kila kipindi kilichofuata tulikuwa na kazi ya kuurefusha mshale huo kwenda nyuma. Kanuni ilikuwa moja: hakuna kuandika tukio jipya mpaka mtu aeleze kwa nini lililo mbele yake lisingetokea bila hilo. Kuna waliolalamika kwamba noti haziandikiki. Niliwaambia wasubiri.

Kwa nini Stalin alikubaliana na mtu aliyeapa kuuangamiza ukomunisti? Tukarudi Munich, Septemba 1938, ambako Uingereza na Ufaransa zilimpa Hitler eneo la Sudeten la Chekoslovakia. Chekoslovakia yenyewe haikupewa kiti mezani, na Stalin hakualikwa. Machi 1939 Hitler akaingia Prague. Ukiwa Moscow na kuona hayo, unaweza kuamini kwamba wakubwa wa magharibi wanamwelekeza simba kwenye zizi lako. Darasa lilielewa hesabu hiyo upesi, pengine upesi mno, maana wengine walianza kumtetea Stalin, na ilibidi niwakumbushe wale watoto wa makaburini.

Kituo nilichotaka tukae muda mrefu kilikuwa Ethiopia. Katika vitabu vingi hupewa aya moja, baada ya Manchuria na kabla ya Hispania. Kwetu sisi ni jirani, na nadhani ndipo vita vyenyewe vilipoamuliwa.

Niliwauliza: mwaka 1934, nani alimzuia Hitler asiichukue Austria? Hakuna aliyepata. Ni Mussolini, dikteta wa Kifashisti wa Italia. Wanazi wa Austria walipomwua Kansela, yaani mkuu wa serikali, Dollfuss mwezi Julai, Mussolini alipeleka majeshi Brenner, kwenye mpaka wa Italia na Austria. Aprili 1935 alikaa mkutanoni Stresa, Italia, pamoja na Uingereza na Ufaransa kumpinga Hitler. Oktoba mwaka huohuo akaivamia Ethiopia. Shirikisho la Mataifa likamwekea vikwazo, lakini mafuta hayakuwamo, na Mfereji wa Suez, uliokuwa mikononi mwa Waingereza na Wafaransa, ulibaki wazi kwa meli zake za askari. Vikwazo vya namna hiyo vilimkasirisha bila kumzuia. Waethiopia walimwagiwa gesi ya sumu kutoka angani. Addis Ababa ikaanguka Mei 1936, na tarehe 30 Juni Haile Selassie akasimama Geneva, makao ya Shirikisho, kuwaeleza wajumbe kilichotendwa. Mwezi uliofuata wakaondoa vikwazo.

Halafu nikawaonyesha tarehe 7 Machi 1936, katikati ya sakata hilo, Hitler alipoingiza askari Rhineland, eneo la Ujerumani lililo upande wa Ufaransa, kinyume cha Versailles. Wakubwa walikuwa wanagombana kuhusu Ethiopia, hakuna aliyemgusa. Kabla mwaka haujaisha kulikuwa na mhimili, yaani ushirika, wa Roma na Berlin. Machi 1938 Hitler alipoimeza Austria, Brenner palikuwa kimya.

Binti mmoja akauliza Tanganyika ilikuwa wapi wakati huo. Nilifurahi, maana nilikuwa nimelihifadhi hilo. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho hilihili la Mataifa, baada ya Ujerumani kunyang'anywa makoloni yake. Mdhamini wetu kwenye karatasi ndiye aliyeitupa Ethiopia. Na kule Berlin walikuwa wanadai makoloni yao yarudishwe, sisi tukiwamo. Hapo Historia iliacha kuwa ya Wazungu. Mmoja akataka kujua kama mashamba ya kahawa ya Wajerumani ya Moshi na Oldeani yalikuwepo wakati huo. Yalikuwepo, na vita vilipotangazwa Septemba 1939 wenye mashamba waliwekwa kizuizini na mali zao zikashikwa na serikali kama mali ya adui.

Ndipo tukafika kwa madikteta wenyewe, na hapo sikutumia maelezo kwanza. Niliandika ubaoni viti vya chama kimoja bungeni bila kutaja jina wala nchi: 12, kisha 107, kisha 230, kisha 196. Nikawaambia wao ni wachambuzi wa siasa, watabiri kinachofuata. Karibu wote walisema chama hicho kimeshafika kileleni, sasa kinashuka. Kijana mmoja anayependa siasa za mitaani akasema, "Hawa wameishiwa hela za kampeni." Ukweli ni kwamba kweli walikuwa na shida ya fedha.

Nikaweka miaka: 1928, 1930, Julai 1932, Novemba 1932. Chama cha Nazi. Tarehe 30 Januari 1933, wakati chama kinashuka, Hitler akafanywa Kansela. Kura yake ya juu kabisa katika uchaguzi huru ilikuwa asilimia 37. Aliingizwa. Franz von Papen na wahafidhina wenzake walimshawishi Rais Hindenburg, mzee wa miaka 85, kwamba huyu mtu ana umati nyuma yake na wao wana akili. Wamweke mbele, wamwongoze. Baraza la kwanza lilikuwa na Wanazi watatu tu, akiwemo yeye.

Miezi miwili haikuisha. Bunge likaungua tarehe 27 Februari, kesho yake amri ya dharura ikafuta haki za raia. Tarehe 23 Machi ukaja muswada wa kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Ulihitaji theluthi mbili, na wanafunzi wetu wanaijua theluthi mbili kutoka somo la Uraia. Wabunge wa Kikomunisti, 81, walikuwa jela, mafichoni au wamezuiwa. Wasoshalisti walichaguliwa 120, waliofika ni 94, na nje walipita katikati ya wanamgambo wa Hitler waliovaa sare. Wote 94 walipiga kura ya hapana. Waliosema ndiyo walikuwa 444. Nilimtaka mwanafunzi asome hesabu hiyo kwa sauti, kisha nikauliza hao wengine wa vyama vya kati walikuwa wanafikiri nini. Mjadala ulikula kipindi chote, na mwalimu wa Hesabu akagonga mlango.

Italia ikawa rahisi baada ya hapo, maana wao wenyewe waliona kufanana. Mussolini alikuwa na wabunge 35 katika Bunge la watu zaidi ya 500. Oktoba 1922 watu wake walipoelekea Roma, Mfalme Victor Emmanuel wa Tatu alikataa kutia saini amri ya kuliita jeshi, akamwita Mussolini aunde serikali. Mussolini mwenyewe alikuwa Milan; alikuja kwa treni ya usiku. Darasa lilicheka sana. Lile "Andamano la Roma" la vitabuni na kiongozi wake amelala kwenye behewa!

Versailles, mfumuko wa bei wa 1923 uliofikisha dola moja kwenye mark (fedha ya Ujerumani) trilioni 4.2, mikopo ya Marekani iliyokatika baada ya 1929, watu milioni sita wasio na kazi: yote haya niliyaleta mwisho, na kwa haraka. Yanaeleza kwa nini viti vilipanda kutoka 12 hadi 230. Hayaelezi mlango ulifunguliwa na nani viti vilipokuwa vinashuka, na mwanafunzi aliyeanza na orodha huwa hafiki kwenye swali hilo.

Gumu kuliko yote lilikuwa jingine. Kila darasa lina kijana anayesema Hitler alikuwa mwamba, aliinua uchumi, alijenga barabara. Wengine wanaongeza kwamba Afrika inahitaji mtu wa namna hiyo. Kumfokea hakusaidii, anakwenda kuyasema bwenini. Nilimwuliza anataka kufanya kazi gani. Akasema ualimu, au mwanasheria. Nikamwambia Aprili 1933 sheria iliwafukuza Wayahudi na wapinzani katika utumishi wa umma, walimu na majaji wakiwamo. Kazi zao zikajazwa na wengine, hapo hesabu ya ajira inapendeza. Tarehe 2 Mei vyama vya wafanyakazi vikavamiwa na kufutwa, kwa hiyo anayelipwa kidogo hana pa kusemea. Na kiwanda kinachoajiri kinatengeneza silaha kwa fedha za mkopo. Mkopo huo unalipwa kwa kupora nchi za watu. Mwisho wake ni Wayahudi milioni sita waliouawa. Hakusema amebadilika. Alisema, "Sawa mwalimu, lakini barabara zilikuwepo." Nikaliacha hapo. Wenzake waliendelea naye mapumziko, na nadhani walifanya vizuri kuliko mimi.

Kuhusu mtihani, ukweli ni kwamba msahihishaji anataka hoja zilizopangwa, kwa Kiingereza. Kwa hiyo wiki ya mwisho tuliugeuza mshale. Kila alama ya mshale ikawa hoja, kila "kwa nini" ikawa sentensi ya kuifafanua, na noti zilizokuwa zimelalamikiwa zikaandikwa na wanafunzi wenyewe. Wanyonge wa Kiingereza bado walipata shida, hilo halikutatuliwa na Tengeru. Walichopata ni kuwa na kitu cha kusema walipokuwa wanatafuta maneno.

Walimu wenzangu wameniuliza watafanyaje wao wasio na makaburi ya Wapolandi. Aliye Iringa ana Ifunda. Aliye Tanga ana mkonge: Japani ilipoteka Ufilipino na Indonesia mwaka 1942, nyuzi za kule zikakatika, mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita na watu wakachukuliwa kwa nguvu kwenda mashambani. Aliye Kenya ana kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakitengeneza barabara ya bondeni. Na karibu kila kijiji kina ukoo wenye babu aliyekwenda na KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, Ethiopia, Madagaska au Burma. Mwulize mwanafunzi babu huyo alikuwa anapigana na nani, na huyo naye aliingiaje madarakani.