Dakatcha si pori tupu

Kuna rangi moja kwenye ramani inayoniuma: ile kijani iliyofifia, iliyoandikwa "vichaka". Kaskazini ya mto Sabaki, ukipita Marafa kuelekea msitu wa Dakatcha, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, imepakwa eneo kubwa. Anayeitazama akiwa ofisini huona ardhi isiyo na kazi. Mimi mzaliwa wa Magarini, ninayezunguka huko na vijana wenzangu tukikagua msitu, nasema ramani hiyo haitoshi kumwongoza mtu yeyote.

Mrihi, mti ulioenea sana katika msitu huu, hupukutisha majani kiangazi. Setilaiti ikipiga picha wakati huo, kinachoonekana sana ni udongo, na msitu mzima unahesabiwa kuwa kichaka. Ndiyo maana tunakwenda kwa miguu. Tunanyoosha kamba, tunapima unene wa mashina kwenye kimo cha kifua, tunahesabu visiki na matanuri ya mkaa. Jina la mti tunaliandika kwanza kwa Kigiriama, maana wanaotuongoza ni wenyeji.

Wachoma mkaa nao tunawashirikisha, na nitalitetea hilo popote. Wao ndio wanaojua mrihi mkubwa umebaki wapi. Mmoja wao alitupeleka kwenye mti wa mbambakofi mnene ajabu. Nikamuuliza, "Mzee, huu mbona mmeuacha?" Akanijibu, "Hapa ndipo tunapokaa kivulini tukingoja lori."

Halafu kuna kwera wa Clarke. Ndege huyu wa manjano na mweusi anapatikana Kilifi tu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na huku kwetu. Wanasayansi walimtambua mwaka 1913, lakini kiota chake hakikujulikana hadi 2013, kilipoonekana kwenye bwawa la msimu hapa Dakatcha. Miaka 100! Hujenga kwenye nyasi za majini mvua ikinyesha vizuri, na mwaka unaofuata huenda asirudi bwawa lile lile. Kwa hiyo nawasihi wenzangu tuweke alama kwenye kila bwawa, hata lililokauka na mbuzi wanalisha katikati. Tukichora yale yenye viota peke yake, mengine yatalimwa.

Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, inalindwa kama msitu wa serikali. Sehemu kubwa ya Dakatcha haina ulinzi huo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi, na humo ndimo ninamotaka data yetu iingie: mirihi hii, miti hii ya mifunda, mabwawa haya, kila kimoja na mipaka yake. Mashamba ya mananasi yapate nafasi pale palipokwisha kufyekwa, maana hakuna anayetaka mkulima afukuzwe.

Kikao cha maoni kuhusu mpango huo kikiitishwa Marafa, njooni. Ramani tutaibandika ukutani, na anayejua bwawa tulilolisahau alichore mwenyewe.