Mama hakuwa mlanguzi

Juzi asubuhi nilikuwa Kibirizi dagaa wanashushwa, kuna kijana wa mtaani kwetu hapa Kigoma kamaliza chuo, ananunua mzigo anatuma Dar na anajituma kweli, sasa mjomba wake akapita pale akamwambia mbele za watu, yaani umesoma miaka yote hiyo uje uchuuze dagaa? Kijana akanyamaza tu. Iliniuma sana jamani.

Maneno hayo nimekua nayo, ila enzi zile neno lilikuwa mlanguzi. Duka la ushirika unapanga foleni toka alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa sukari imeisha. Mama alikuwa anapata sabuni na khanga za kutoka Burundi. Majirani walikuja kununua usiku, wengine kwa mkopo, halafu mchana hao hao wanamwita mlanguzi! 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, mama akafukia miche ya sabuni kwenye shamba la mihogo, ikapiga mvua siku tatu mfululizo, tulivyofukua tukakuta tope lenye povu. Mtaji wote ukaishia hapo. Na shuleni tunaambiwa wafanyabiashara ni kupe, narudi nyumbani namkuta mama kakonda, kandambili imefungwa waya, nikawa najiuliza huyu kamnyonya nani.

Sisemi walanguzi hawakuwepo, walikuwepo, watu walificha sukari stoo ili bei ipande huku watoto wanakunywa uji hivi hivi, na kwa hao Mwalimu Nyerere alikuwa na haki ya kukasirika. Ila tuliwekwa wote kapu moja. Mzee Mwinyi akaingia 1985, mambo yakaanza kulegea, na 1991 likaja Azimio la Zanzibar, hata viongozi wakaruhusiwa hisa na nyumba za kupangisha, vitu ambavyo Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza kabisa.

Siku hizi tunaitwa wajasiriamali, tunapewa semina na vyeti, lakini mzazi bado anaombea mwanae aajiriwe halmashauri, mi naona ni woga ule ule haujatutoka.

Mama yupo, kazeeka. Ukimuuliza alikuwa anafanya kazi gani anajibu mkulima, na sisi wote tumesomeshwa na sabuni, khanga na dagaa.