Namba 25
Wazee leo nimetoka ustawi wa jamii hapa Mtwara mjini, kichwa bado kinazunguka.

Mimi na mama mtoto tuliachana mwaka jana, binti ana miaka mitano anakaa na mama yake huko Mikindani. Alinigomea kumuona, na mimi nikakata hela ya matumizi, nikajiona mjanja kweli (hela ya korosho nayo ilikuwa inanipa kiburi).

Basi dada wa ustawi kanifungulia Sheria ya Ndoa ya 1971. Mtoto chini ya miaka 7 inachukuliwa ni heri akae na mama mpaka ionekane vinginevyo, ila matunzo ni wajibu wa baba hata kama mtoto hayuko kwake. Na kunitembelea ni haki ya mtoto mwenyewe, imo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, sio kitu cha kubadilishana na hela.

Tumekubaliana nimuone binti Jumamosi.

Sasa leo pale ustawi nilimbebea binti viatu vya shule, namba 25. Kumbe anavaa 28.

Kakunja vidole mpaka vikaingia, eti "vinanitosha baba", huku anachechemea.

Nimekaa kibarazani navitazama tu. Mliopitia haya, mlianzia wapi?